Mashua ya Kipimo cha Mama

Jumamosi, 7 Februari

Wifi amekuja karakana leo bila kupiga simu. Nilikuwa nimefunika uso kwa kofia ya kuchomelea, nikaona viatu tu vimesimama upande wa pili wa meza, viatu vyeupe vya wodini, nikajua ni yeye. Tangu mimi na kaka yake tuachane, huu mwaka wa pili, tumekuwa tukionana kwa mama yao tu, na hata huko tunapishana mlangoni kama walinzi wa zamu. Nikamvutia kiti. Hakukaa.

"Unaweza kutengeneza mashua?"

Nikamwambia mimi nafundisha vijana wa chuo kuchomelea mageti na madirisha. Chombo cha maji sijawahi kutengeneza, hata karai.

"Sikuuliza kama umewahi. Nimeuliza kama unaweza."

Mama mkwe wangu, naye ndiye mama yake mzazi, anakaa ng'ambo ya mto peke yake. Mvua zikikolea daraja la chini linamezwa, bonde lote linajaa maji yaliyotulia kama ziwa, na barabara ya kuzunguka ni ya kutwa nzima, ikiwa haijakatika. Nikamkumbusha kwamba mitumbwi ipo. Akaniangalia kama anavyowaangalia wagonjwa waliomeza dawa wakatema. Goti la kulia la Mama halikunjiki tangu alipovunjika. Kwenye mtumbwi mtu anapanda kwa kuruka na kukaa kwa kuchuchumaa, na Mama hawezi lolote kati ya hayo.

Alipofika mlangoni nikamuuliza kwa nini asitafute fundi wa vyombo, wakati mimi si mtu wao tena.

"Talaka alikupa yeye," akasema. "Mimi sijakupa yangu."

Jumapili, 8 Februari

Nimechora. Nimefuta. Nimechora.

Jumatano, 11 Februari

Itakuwa ya alumini. Mbao zinataka fundi wa mbao, na chuma ninachokijua ni kizito mno. Nataka chombo ambacho wanawake wawili wasio vijana wanaweza kukibeba hadi ukingoni. Taabu ni kwamba alumini haina adabu. Chuma kikipata moto kinakuambia, kinaiva, kinakuwa chekundu, unajua umefika wapi. Alumini inabaki na rangi ileile, halafu ghafla inadondoka miguuni kwako kama uji. Vijana wangu wanaiogopa, na mimi sikuwahi kuwaambia kwamba nami siipendi.

Jioni nimekata maboksi ya viatu nikaunda mashua ndogo juu ya meza ya chakula. Ilitoka kama sahani ya kulishia kuku.

Jumamosi, 14 Februari

Tumekwenda kwa Mama. Daraja liko juu bado, kavu, watoto wanakalia kingo zake. Wifi alinionya njiani nisitaje mashua. Kwa hiyo wakati Mama anaandaa chai nikatoa utepe, nikapima kiti chake cha barazani: urefu kutoka sakafuni, upana, mlalo wa mgongo. Nikapima ngazi za jikoni ili nijue mguu wake unainuka kiasi gani. Nilikuwa nimepiga magoti pale ngazini nilipoona kivuli chake.

"Mwanangu," akasema, "mnanipimia sanduku la kuzikiwa?"

Nilicheka mpaka utepe ukaniponyoka, na baada ya hapo hakukuwa na namna ya kuficha. Nikamweleza. Wifi nyuma yake alikuwa ananikata kwa macho.

Mama akafikiri. "Mashua. Ya nani?"

"Yako, Mama."

"Basi iwe na pa kuegemea."

Kisha akasimama mwenyewe kwenye ngazi, akanionyesha. Mguu wa kulia hauinuki zaidi ya shibiri moja. Wa kushoto unainuka vizuri, lakini kwanza lazima apate kitu cha kushika.

Jumatatu, 16 Februari

Sasa najua ninachora nini. Mashua zote nilizoziona picha zake zina omo lililochongoka, mbele kama pua. Hii yetu haitakuwa na pua. Omo litakuwa bapa, limeinama kwenda mbele kama ukingo wa sinia, ili tuipandishe kwenye tope na Mama aingie kwa mbele, akitembea, shibiri moja tu ya kupanda. Katikati kiti chenye mgongo. Tezi, yaani nyuma, pana kidogo ili isiyumbe akikaa.

Nimevunja ile ya maboksi nikaunda nyingine. Nimeiweka ielee kwenye beseni, nikaweka kopo la maharage pale atakapokaa Mama. Haikuinama.

Jumamosi, 21 Februari

Tumechora mashua nzima kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, kwa ukubwa wake halisi. Wifi alikuja akitoka zamu, akakaa juu ya ndoo ndani ya mistari, akanyoosha mguu wa kulia kama Mama. Kisigino kilivuka mstari wa kiti cha anayepiga makasia.

"Utampiga teke mpiga makasia," nikamwambia.

"Mpiga makasia ni wewe," akasema. "Refusha."

Nikarefusha. Ni mara ya kwanza tunacheka pamoja tangu harusi ya yule binamu yao, na wakati ule tulikuwa tunamcheka bwana harusi.

Ijumaa, 27 Februari

Mabati ya alumini na vipande vyake vya pembe vimefika. Mtunza stoo wa chuo, ambaye wote tunamwita Bwana Stoo, amenikabidhi mtungi wa gesi ya kuchomelea kana kwamba ananioza binti yake. Amesema tena na tena nisiulaze.

Jumamosi, 7 Machi

Nimeharibu vipande siku nzima. Kwanza nilisahau kusugua. Alumini ina ngozi ya kutu isiyoonekana, usipoisugua kwa brashi ya waya dakika ileile kabla ya moto, haishiki, inatengeneza vidonge vyeusi kama kinyesi cha mbuzi. Halafu niliposugua vizuri nikakawia na moto na ikatoboka. Kufika alasiri nikapata mshono mmoja mzuri, umepangika kama sarafu zilizolala. Nimeukata kipande nikakiweka mfukoni.

Jumamosi, 14 Machi

Mataruma matano yamekamilika. Ni mbavu za mashua: kila moja kipande cha chini na viwili vya ubavuni vinavyofunguka kwenda nje. Tumeyachomelea juu ya meza, Wifi akishikilia kwa glovu zangu za zamani. Ana mkono usiotetemeka. Nikamwambia angefaa kuwa fundi. Akasema yeye ni fundi, ila vyuma vyake vinapiga kelele.

Kisha tukayasimamisha kichwa chini juu ya stendi, tukalaza mkuku juu yake, ule uti wa mgongo wa katikati. Tukavuta kamba mbili kutoka kona hadi kona, kupima kama haijapinda. Kamba zote mbili sawa. Kwa mara ya kwanza kuna mashua pale. Ni hewa tupu yenye mifupa, lakini ukiizunguka unaona maji yatapita wapi.

Tumeshikiza kwa nukta ndogondogo tu. Kuchomelea kamili ni wiki ijayo, polepole.

Jumatano, 18 Machi

Kaka yake Wifi amenipigia simu. Sikuwa nimesikia sauti yake muda mrefu, na ilinishangaza kwamba haikuniuma. Alikuwa na adabu, alinishukuru.

"Nasikia mashua inaendelea vizuri. Umetusaidia sana. Mama akishahamia kwa dada, ile nyumba tutapangisha. Wapangaji wameshapatikana."

Nilimwacha amalize. Nikamuuliza kama Mama anajua.

"Dada atamwambia wakati ukifika," akasema.

Alhamisi, 19 Machi

Nimekwenda kwa Wifi asubuhi, kabla hajaingia zamu. Alikuwa anakunja nguo sebuleni. Nikamuuliza kama ni kweli.

"Ni kweli."

"Ulinifanya nimpime Mama kwa utepe, anaonyesha mguu wake kwa furaha, na kumbe tunamtengenezea gari la kumhamisha."

"Usipaze sauti."

"Sijapaza. Nyumba ile ni yake, Wifi. Akili zake zimetimia kuliko zetu."

Akaweka chini shati alilokuwa analikunja. "Wewe utanifundisha nini kuhusu mama yangu? Unakuja unakunywa chai, unapima ngazi, unarudi kwako. Wewe ulishatoka kwenye ukoo huu. Mimi siwezi kutoka."

Nilichukua mkoba wangu nikaondoka. Njia nzima nilikuwa natafuta jibu, na kila nililolipata lilikuwa zuri na limechelewa.

Jumamosi, 21 Machi

Hakuja. Nilimngoja kidogo, kisha nikawasha mashine.

Naandika hili kwa ukweli ili niwaonyeshe vijana wangu muhula ujao. Kila siku ninawafundisha: chomelea kipande kifupi huku, hamia upande wa pili, kipande kifupi, kiache kipoe mpaka uweze kukigusa. Metali inavuta kuelekea moto ulikotoka. Leo nilijua hayo yote na sikuyafanya. Nilianza ubavu wa kushoto nikaenda nao moja kwa moja kutoka tezi hadi omo bila kupumzika, nikihamaki, nikizungumza na mtu asiyekuwapo. Mishono yenyewe ilikuwa mizuri kuliko yote niliyowahi kuchoma. Nilipovua kofia nikaona kona ya nyuma imeinuka kutoka kwenye stendi. Kidole changu kilipita chini yake. Mkuku umejikunja kama ndizi. Kamba ya kona hadi kona upande mmoja imelegea, upande mwingine haifiki.

Nimekaa juu ya ndoo. Nje ngurumo ya kwanza.

Jumapili, 22 Machi

Mvua kidogo. Sikwenda karakana.

Jumanne, 24 Machi

Bwana Stoo amekuja kuutazama mtungi wake, akaiona fremu. Akainama, akafumba jicho moja. "Hii itakuwa inakwenda kwa kuzunguka," akasema. Kisha akaona uso wangu, akaniletea chai.

Alhamisi, 26 Machi

Mvua. Daraja bado liko juu.

Jumamosi, 28 Machi

Nilikuwa nimeanza kukata. Hakuna dawa nyingine: lazima nifungue kila mshono wa ubavu wa kushoto kwa diski nyembamba, ninyooshe mkuku, nianze upya. Ni kazi ya kelele na vumbi la kung'aa linaloingia hadi masikioni. Nilipozima mashine nikamkuta amesimama palepale aliposimama siku ya kwanza, na glovu zangu za zamani ameshazivaa.

"Nishike wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha. Tukakata hadi mchana bila maneno mengine zaidi ya "inua" na "shusha". Tulipokuwa tunaunyoosha mkuku, yeye amekalia ncha moja na mimi nagonga nyingine kwa nyundo ya mpira, akaanza kuzungumza akiangalia ukuta.

"Mwaka jana, daraja lilipokuwa chini ya maji, Mama alianguka jikoni. Alilala sakafuni usiku mzima na nusu ya siku, mpaka jirani alipokuja kuomba moto. Alimkataza jirani asituambie. Jirani alikuja kuniambia baada ya miezi, hospitali, alipokuja kwa shida zake."

Niliacha kugonga.

"Mimi kazi yangu ni kuwainua wazazi wa watu kutoka vitandani. Nawageuza, nawaosha, nawaambia pole. Wangu alilala sakafuni na mimi nilikuwa wodini nasifiwa kwa upole wangu."

"Ungeniambia, Wifi."

"Nilikuambia utengeneze mashua."

Nikaketi karibu naye juu ya mkuku. Wiki nzima nilikuwa nimemfanya mtu mmoja tu kichwani mwangu, mtu mwenye amri na hila, nikasahau kwamba hata mkali huogopa. Hakuomba radhi kwa neno lile la ukoo, nami sikulidai. Kisha akasema uzito wetu wote wawili unasaidia, tuendelee kukaa. Kweli ulisaidia. Tulipoinuka, mkuku ulikuwa umekaribia sana kunyooka.

Jumatano, 1 Aprili

Taruma la kwanza, kushoto kidogo, kulia kidogo. Kungoja. La pili. Wifi anagusa mshono kwa kiganja kama anayepima homa, akisema "bado" au "tayari". Sijawahi kuchomelea polepole hivi. Kamba zote mbili sawa.

Jumamosi, 4 Aprili

Mama amekuja. Hatukumwita. Alipanda pikapu ya jirani yake aliyekuwa analeta mahindi mjini, akashushwa mlango wa chuo, akauliza mahali wanapomtengenezea mashua. Bwana Stoo ndiye aliyemleta hadi ndani, amemshika mkono.

"Shikamoo Mama," tukasema kwa pamoja, kama wanafunzi waliokutwa na kitu.

"Marahaba. Ndiyo hii? Mbona imelala kifudifudi?"

Tuliigeuza, ikakaa kama itakavyokaa majini, mifupa mitupu bado. Nikaweka ubao kwenye kiti. Mama akaingia kwa mbele, akashika mhimili, nguzo fupi ya mkono niliyoichomelea omoni upande wa kushoto wa anayeingia, akapandisha mguu wa kushoto, akaburuza wa kulia, akageuka, akakaa. Shibiri ilitosha. Alijiegemeza na kufumba macho kidogo, na mimi nilijisikia kama mtu aliyefaulu mtihani.

"Na nikishuka?" akauliza.

Nikaangalia. Anapoingia mhimili uko kushotoni kwake. Anapotoka amegeuka, na mhimili uko kulia, upande wa mguu mbovu. Nilikuwa nimemchorea njia ya kuingia tu. Wifi naye akaona wakati huohuo. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mama alikuwa bado amekaa. "Niwaulize wote wawili. Hii ni ya kunipeleka, au ni ya kunipeleka na kunirudisha?"

Wifi akashika mhimili kwa mikono miwili.

"Kaka yako alinipigia," Mama akamwambia. "Hajui kunyamaza, tangu mdogo. Wapangaji wako watafute nyumba nyingine."

"Mama, ulianguka."

Bwana Stoo akakumbuka kwamba ana kazi stoo.

"Nilianguka," Mama akasema. "Sakafu ilikuwa ya baridi. Nilidhani nitafia pale, na nilichokuwa nakiogopa ni kwamba wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kunikuta." Akamtazama binti yake vizuri. "Nilimkataza jirani kwa sababu nilijua utanifungia virago siku hiyohiyo. Na kweli."

Wifi alikuwa analia bila sauti, mikono ndani ya glovu, hawezi hata kujifuta. Nikamfuta kwa upande safi wa aproni yangu.

"Sikilizeni," Mama akasema. "Maji yakifika ngazi ya pili ya jikoni, nitapiga simu mimi mwenyewe, mje. Mkija kabla sijapiga, mtakunywa chai mrudi. Yakishuka, mnanirudisha. Nitakaa kwako. Ukiwa zamu ya usiku, nitalala kwa mkwe. Mnakubali, au nishuke niwaachie vyuma vyenu?"

Tulikubali. Kisha ikabidi tumsaidie kushuka, mmoja kila upande, kwa sababu mhimili wa pili haukuwepo.

Jumatatu, 6 Aprili

Mhimili wa kulia umekaa. Nimeupima mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Jumamosi, 18 Aprili

Mashua imevaa mabati yote. Chini, kisha pembeni, kisha omo. Kazi ya fremu ndiyo ilikuwa kazi, haya mengine yalikuwa kuvalisha tu, ingawa migongo yetu ina maoni tofauti. Tumejaza maji ndani kwa mpira, tukazunguka nje na tochi kutafuta yanakotoka. Matundu mawili madogo karibu na tezi. Nimeyaziba.

Alhamisi, 23 Aprili

Mvua kutwa. Vijana wangu wamesaidia kuibeba hadi kwenye gari, lakini mimi na Wifi tulisisitiza kujaribu kuibeba wenyewe kwanza. Tunaiweza.

Jumapili, 26 Aprili

Daraja limezama. Mashua imelala kwenye ukingo wa upande wetu, imefungwa kwenye nguzo. Nimeipeleka majini peke yangu na kurudi. Haiyumbi. Inapiga kelele kama sufuria matone yakiiangukia. Wifi alisema mtu mmoja anatosha kwa majaribio, yeye atashika kamba.

Jumanne, 28 Aprili

Mama hajapiga. Wifi amepiga. Mama amesema anasikiliza redio.

Ijumaa, 1 Mei

Mvua. Hajapiga.

Jumamosi, 2 Mei

Simu imeita nikiwa napiga mswaki. "Yapo ngazi ya pili," Mama akasema. "Msisahau mwavuli."

Wifi alikuwa tayari ukingoni nilipofika, amevaa koti la mvua lililofungwa hadi kidevuni. Bonde lilikuwa jeupe na tulivu, miti imesimama ndani yake hadi kiunoni. Nikashika makasia. Yeye akaingia, akakaa kwenye kiti cha katikati, akashika kingo zote mbili. Sikufikiri lolote. Nilikuwa naangalia mdundo wangu na kuepuka vichwa vya nguzo za uzio. Hakusema neno njia nzima, na mimi nikadhani anamuwaza Mama.

Mama alikuwa barazani na begi moja, amefunga mlango, ufunguo kampa jirani. Niliipandisha mashua kwenye tope mbele ya baraza. Wifi akahamia nyuma ili ampishe. Mama akashika mhimili wa kushoto, mguu, mguu, akageuka, akakaa, akaweka begi mapajani. Hakuna aliyemgusa. Nikasukuma.

Tulikuwa katikati ya bonde, mahali ambapo daraja liko chini yetu, Mama alipogeuka kumuuliza binti yake kama jiko lake lina gesi. Akamwona. Wifi alikuwa amefumba macho, amekumbatia kona ya tezi kwa mikono miwili, midomo haina rangi.

"Wewe," Mama akasema polepole. "Unaogopa maji?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu nizaliwe, Mama. Mlikuwa mnanicheka, nikaacha kusema."

Mama akanitazama. Nikatikisa kichwa, sikujua. Akamrudia binti yake. "Na umekuja kunichukua."

Wifi hakufumbua macho. "Sasa ningemtuma nani?"

Mvua ilikuwa nyembamba, inaanguka bila upepo. Mama akaweka begi miguuni. Akashika mgongo wa kiti, akajisogeza hadi ukingoni, mguu wa kulia umenyooka mbele yake, akapiga kwa kiganja nafasi iliyobaki. Ni kiti cha mtu mmoja, nakijua kipimo chake.

"Njoo hapa," akasema. "Taratibu. Shika bega langu."

Wifi akaja kwa magoti, macho bado yamefumbwa, akapanda, akabanwa pale kati ya Mama na ukingo. Mashua ikainama upande wao. Nikasogea kidogo upande wa pili, nikaingiza makasia majini, tukaendelea.